Nimefungua poti ya seva ya nyumbani na wageni wanabisha hodi usiku kucha. Nifanyeje?

Swali: "Habari za kazi, mtaalamu. Nina kompyuta ya zamani niliyoigeuza seva ya nyumbani. Inatumia Linux, na humo nimeweka picha zote za familia, hati za wazazi na mafaili yangu ya kazi. Nilitaka niifikie kwa simu nikiwa safarini, nikafuata maelekezo ya video moja: nikaingia kwenye ruta, nikafungua poti 22, nikaweka programu ya SSH kwenye simu ya Android. Ikakubali mara moja, nikafurahi sana. Juzi nimefungua logi za seva, yaani kumbukumbu za matukio yake, nikakuta mistari maelfu kwa maelfu ya watu wanaojaribu kuingia kwa majina ya root, admin, pi, test, kutoka anwani nisizozijua, mchana na usiku. Nenosiri langu ni refu na silitumii kwingine, lakini sina amani. Je, nimeshaingiliwa? Rafiki mmoja ananiambia nibadilishe poti iwe 2222, mwingine anasema ninunue VPN. Naogopa hata kuiwasha hiyo seva. Mimi si mtaalamu ila najua kufuata maelekezo."

Ndugu yangu, kabla hujaendelea kusoma, ingia kwenye ruta uifute ile ruhusa ya poti 22, yaani mlango unaotumiwa na SSH, njia ya kuiendesha seva kwa amri ukiwa mbali. Hutapoteza kitu. Seva itaendelea kufanya kazi ndani ya nyumba kama kawaida, ila haitafikika kutoka nje. Njia ya nje tutairudisha, tena nzuri kuliko ile, lakini tuijenge ukiwa umetulia. Ukiwa humo humo kwenye ruta, tafuta kipengele kinachoitwa UPnP ukizime, kwa sababu hicho huruhusu kifaa chochote cha ndani kujifungulia poti bila kukuuliza.

Sasa tuzungumze kuhusu hofu yako, maana ina msingi, ila haiko pale unapoielekeza. Uliowaona kwenye logi hawakujui. Ni programu zinazojiendesha zenyewe, zinazopita anwani moja baada ya nyingine katika intaneti nzima zikijaribu majina na manenosiri yaliyozoeleka. Anwani zote za IPv4, mfumo wa zamani wa namba za intaneti, ni takriban bilioni 4.3, idadi ambayo kwa mashine za leo ni kazi ya muda mfupi tu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa programu iitwayo ZMap, iliyoweza kupima poti moja kwenye anwani zote hizo kwa chini ya dakika 45, ikitumia kompyuta moja yenye intaneti ya kasi. Kabla ya hapo, mwaka 2009, ilikuwa imeanzishwa Shodan, ambayo hutafuta vifaa vilivyo wazi kwenye intaneti kama vile wengine wanavyotafuta kurasa. Kwa hiyo wanaojiuliza "nani atahangaika na mimi?" wanakosea mahesabu. Hakuna anayehangaika. Ukiwa wazi, utafikiwa tu zamu yako ikifika, na hufika mapema.

Hata yale majina uliyoyaona yana historia. Jina pi lilikuwa la kuanzia kwenye kompyuta ndogo za Raspberry Pi, na nenosiri lake la mwanzo lilijulikana dunia nzima. Watengenezaji wake waliliondoa mwaka 2022. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera na ruta nyingi mno kwa kutumia orodha fupi tu, kama jozi 60 hivi za majina na manenosiri ya kiwandani. Mbinu hiyo haijafa, ndiyo inayokugongea usiku.

Je, umeingiliwa? Kwa maelezo uliyonipa, uwezekano mkubwa ni kwamba hapana. Mstari unaosema Failed password maana yake kuna aliyejaribu akakataliwa, hata mistari hiyo ikifika laki moja. Wa kukushtua ni ule wenye neno Accepted. Kwenye terminali ya seva andika amri hii:

journalctl -u ssh | grep Accepted

Katika baadhi ya mifumo huduma yenyewe inaitwa sshd, hivyo ukipata jibu tupu badilisha jina hilo kwenye amri. Soma kila mstari: tarehe, jina, anwani. Je, kila mmoja ni wewe? Ulipoingia kwa data ya simu, anwani itakuwa ya kampuni yako ya simu nayo hubadilika, kwa hiyo linganisha saa zaidi kuliko anwani. Fungua pia faili la authorized_keys ndani ya folda ya .ssh uone kama kuna ufunguo usioutambua, kisha utazame kwa amri ya top kama kuna programu inayokula nguvu za prosesa bila sababu, kwa kuwa wavamizi wengi wa seva ndogo huzigeuza kuwa za kuchimba sarafu za kidijitali. Sitakudanganya: mvamizi hodari anaweza kufuta nyayo zake, hivyo logi safi ni dalili njema lakini haikupi uhakika wote. Hata hivyo, nenosiri refu lisilotumika kwingine haliangushwi na roboti hizi za kubahatisha.

Sasa tuje kwenye ushauri wa rafiki zako. Kuhamisha SSH kutoka poti 22 kwenda 2222 kutapunguza kelele kwenye logi, basi. Poti ziko 65,535, na anayetaka kuzipima zote kwenye anwani moja hachelewi. Tena 2222 ndiyo namba ambayo kila mtu huhamia, na wanaotafuta wanalijua hilo. Rafiki wa pili amekaribia. VPN ni handaki la mawasiliano yaliyofungwa kwa siri kati ya vifaa viwili, ila zile za kununuliwa, zinazotangazwa kila mahali, zinaelekea upande mwingine kabisa: zinabeba mawasiliano yako kutoka kwenye simu hadi kwenye seva ya kampuni, halafu kutoka hapo kwenda intaneti. Hazikufungulii njia ya kuingia nyumbani kwako. Unayoihitaji ni VPN ambayo mlango wake wa pili uko kwenye seva yako mwenyewe, nayo hununui kwa mtu.

Kabla sijafika huko, nataka uelewe kwa nini nenosiri refu halitoshi, maana watu wengi wazuri hukwama hapa. Nenosiri linamzuia anayebahatisha. Halimzuii anayepitia kwenye kasoro ya programu yenyewe. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua kuwa maktaba ya msimbo iitwayo xz, inayotumika katika mifumo mingi ya Linux, ilikuwa imepandikizwa mlango wa siri uliolenga SSH. Kilichomshtua ni kwamba kuingia kwa SSH kulikuwa kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Nusu sekunde! Bahati ilikuwa upande wetu, kwani toleo hilo lilikuwa halijasambaa sana nje ya matoleo ya majaribio. Miezi michache baadaye, Julai 2024, ikatangazwa kasoro nyingine katika OpenSSH yenyewe, programu inayoendesha SSH kwenye seva nyingi, yenye namba CVE-2024-6387. Mwaka 2021 wenye diski za mtandaoni za aina ya My Book Live waliamka na kukuta vifaa vyao, vilivyokuwa vinafikika kupitia intaneti, vimefutwa data zote kwa mbali. Katika visa kama hivi urefu wa nenosiri hauna kazi. Swali linakuwa moja tu: huduma hiyo inaonekana na nani?

Hapo ndipo ulipo msimamo wangu, na kila nitakalokuelekeza linatoka humo: seva ya nyumbani isiijibu intaneti. Ivijibu vifaa vyako tu.

Chombo ninachokushauri ni WireGuard, kazi ya Jason Donenfeld, ambayo tangu Machi 2020 imo ndani ya kiini cha Linux chenyewe, toleo la 5.6. Ilipoingizwa ilikuwa na mistari ya msimbo takriban 4,000, kidogo sana ukilinganisha na VPN zilizoitangulia, na udogo huo ni faida: wataalamu wanaweza kuisoma yote na kuikagua. Inavyofanya kazi si vigumu kuelewa. Kila kifaa hujitengenezea jozi ya funguo mbili. Ufunguo wa siri haupaswi kutoka kwenye kifaa hicho. Ufunguo wa wazi unampa mwenzako. Seva inakuwa na orodha ya funguo za wazi za vifaa unavyoviamini, na simu inakuwa na ufunguo wa wazi wa seva. Pakiti, yaani kipande cha data, ikifika ambayo haikutengenezwa kwa ufunguo unaohusika, seva haisemi "umekosea", haisemi "nenda zako". Inakaa kimya. Ni kama mwenye nyumba anayezitambua sauti za watu wake: mgeni atapiga hodi hadi achoke, na hatajua hata kama nyumba ina mtu. Kwa roboti zinazopita, poti hiyo haina dalili ya uhai.

Kuna zuri jingine linalohusu simu hasa. WireGuard hukutambua kwa ufunguo wako, haijali umetokea anwani gani. Ukitoka kwenye Wi-Fi ukahamia data ukiwa unanakili picha, handaki linaendelea bila kukuomba uingie upya.

Kwenye seva, sakinisha kifurushi cha wireguard kutoka kwenye hazina rasmi ya mfumo wako. Tengeneza jozi ya funguo kwa amri ya wg genkey na wg pubkey, kisha chagua mtandao mdogo wa ndani wa handaki, tuseme seva iwe 10.73.0.1 na simu iwe 10.73.0.2. Kwenye simu pakua programu rasmi ya WireGuard, utengeneze jozi ya funguo humo humo, halafu unakili ule wa wazi tu kuuhamishia kwenye seva. Wapo wanaotengeneza kila kitu kwenye seva na kuskani msimbo wa QR kwa simu. Ni rahisi na haina ubaya mkubwa, ila msimbo huo una ufunguo wa siri ndani yake. Usiupige picha ya skrini, kwa sababu simu nyingi hupandisha picha zote mawinguni bila wewe kukumbuka.

Mstari unaoitwa AllowedIPs, unaotaja anwani zinazoruhusiwa kupita handakini, ndio unaowachanganya wengi. Kwenye faili la seva, upande wa simu, andika 10.73.0.2/32, yaani kifaa kimoja tu. Kwenye simu, andika 10.73.0.1/32 kama unachotaka ni seva peke yake. Ukiandika 0.0.0.0/0, mawasiliano yote ya simu yatapita nyumbani kwanza. Hilo lina maana ukiwa kwenye Wi-Fi ya hoteli usiyoiamini, lakini kwa siku za kawaida linapunguza kasi bure, na pia linahitaji seva iruhusiwe kupitisha pakiti za wengine. Anza na njia nyembamba. Seva ikiwa haipitishi pakiti za wengine, handaki peke yake halimfikishi mtu kwenye kamera na printa za nyumbani hata simu ikiibwa.

Kisha rudi kwenye ruta ufungue poti moja, kwa kawaida 51820, uielekeze kwenye seva. Hapa soma taratibu: iwe UDP, aina ya usafirishaji wa data inayotumiwa na WireGuard. Ukiacha TCP, ambayo ruta nyingi huiweka yenyewe, hakitafanya kazi chochote na hutaona kosa lolote, kwa kuwa ule ukimya unaowanyima wadukuzi majibu unakunyima na wewe. Njia ya kujua ni kuandika wg kwenye seva na kutafuta maneno latest handshake. Yakiwepo, pande mbili zimetambuana, na tatizo lililobaki liko mbele zaidi. Yasipokuwepo, kagua poti, kisha kagua kama umebandika ufunguo sahihi upande sahihi. Jaribio lenyewe lifanye ukiwa umezima Wi-Fi ya simu. Ukijaribu ukiwa ndani ya mtandao wa nyumbani utapata majibu yasiyo na maana.

Anwani ya nyumbani ikiwa inabadilika, tumia huduma ya jina linalofuata anwani, kama DuckDNS. Jina hilo halikulindi wala halikudhuru, linakusaidia kufika tu. Anwani ikibadilika ukiwa safarini na handaki likagoma, lizime na kuliwasha ili simu iulize jina upya. Na ikiwa mtandao wa ndani ya nyumba yako unaanza na 192.168.0 au 192.168.1, kuna siku utakutana na mtandao wa ugenini wenye namba zile zile, na siku hiyo utakapotaka kufikia vifaa vingine vya nyumbani simu haitajua ipi ni ipi. Uhamishie kwenye namba isiyozoeleka.

Kwako wewe njia hii inawezekana kwa sababu poti 22 ilifikika kutoka nje, maana yake una anwani ya umma. Wengine watakaosoma hawana, na wanaweza kuhangaika wiki nzima bila kujua sababu. Kujua ni rahisi: tazama anwani ya nje inayoonyeshwa na ruta, halafu ilinganishe na ile inayoonyeshwa na tovuti yoyote ya kuuliza IP. Zikitofautiana, au ya ruta ikiwa kati ya 100.64 na 100.127 mwanzoni, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na kufungua poti kwenye ruta hakusaidii kitu. Omba anwani ya umma kwa mtoa huduma, au tazama kama kuna IPv6, mfumo mpya wa anwani, pande zote mbili, nyumbani na kwenye simu.

Visipopatikana hivyo, Tailscale ni chaguo zuri. Ndani yake ni WireGuard ile ile, ila kuna seva ya kampuni inayokutanisha vifaa vyako na kusaidia vipenye hata kama pande zote zimefungwa. Funguo za siri hubaki kwenye vifaa, na hata mawasiliano yanapopitia mashine zao za kati yanapita yakiwa yamefungwa. Gharama yake ni imani. Wao ndio wanaotunza orodha ya vifaa gani ni vyako, na unaingia kwa akaunti ya barua pepe uliyonayo. Akaunti hiyo ikitekwa, aliyeiteka anaweza kujiongezea kifaa, kwa hiyo uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti hiyo ni lazima. Kwa mtu asiye na muda wa kufuatilia seva, afadhali Tailscale iliyowekwa vizuri kuliko WireGuard iliyowekwa nusu na kusahauliwa. Unaweza pia kukodi seva ndogo yenye anwani ya umma ikawa kituo cha kati, lakini sasa una seva mbili za kulinda, na hapo kituoni pakiti hufunguliwa na kufungwa upya. Sikushauri uanzie huko.

Ndani ya handaki, SSH bado inahitaji ulinzi wake. Tengeneza ufunguo wa aina ya ed25519 ndani ya programu ya SSH ya simu, uuwekee nenosiri, uupeleke ule wa wazi kwenye seva, ujaribu kuingia nao. Ukishaingia, na ile terminali ya kwanza ikiwa bado wazi, weka kwenye faili kuu la mipangilio ya SSH PasswordAuthentication no (nenosiri lisikubaliwe) na PermitRootLogin no (root, mtumiaji mkuu, asiingie), anzisha SSH upya, kisha jaribu kwa dirisha la pili. Usifunge la kwanza mpaka la pili likubali. Halafu hakikisha kwa amri ya sudo sshd -T, kwa sababu mifumo mingine, Ubuntu ikiwemo, ina folda ya sshd_config.d ambayo mafaili yake husomwa kwanza, na SSH hushika thamani ya kwanza inayokutana nayo. Wako watu walioandika no kwenye faili kuu wakalala salama, kumbe faili dogo kwenye folda hiyo linasema yes.

Kilichobaki kikubwa ni simu yenyewe, kwani sasa ndiyo yenye ufunguo. Iwe na kufuli ya skrini ya kweli, ipate masasisho, na kila kifaa kiwe na jozi yake ya funguo; usinakili mipangilio ya simu kuiweka kwenye kishikwambi cha mtoto. Simu ikipotea, unafuta mistari ya kifaa hicho kwenye faili la seva, unaondoa na ufunguo wake wa SSH, unaanzisha upya, na vingine vinaendelea bila kuguswa. Andaa mapema njia ya kufanya hivyo: kifaa cha pili chenye ruhusa, au mtu wa nyumbani unayemwamini anayejua kuichomoa seva kwenye umeme. Seva nayo iwekee masasisho ya usalama yanayojisakinisha. Na hizo picha za familia, tafadhali, ziwe na nakala nyingine kwenye diski isiyounganishwa muda wote, maana hakuna VPN inayozuia diski kufa.

Kuna hali ambazo nisingependa uendelee kwa maandishi yangu peke yake. Ukikuta mstari wa Accepted usio wako, au ufunguo usioujua, chomoa waya wa mtandao, usizime mashine, usifute chochote, na utafute fundi wa usalama wa mifumo aje aione kwa macho. Badilisha manenosiri yako ya muhimu ukitumia kifaa kingine. Seva iliyoingiliwa haisafishwi. Inasakinishwa upya kabisa, na mafaili yanarudishwa baada ya kukaguliwa. Vivyo hivyo, kama hayo mafaili ya kazi yana taarifa za wateja, wagonjwa au wanafunzi, zungumza na mwajiri wako kabla ya kuyafikia kwa njia yoyote kutoka nje, kwa kuwa kisheria huenda si yako kuamua. Na kama ruta ni mali ya mtoa huduma na imefungwa usiweze kuifikia, mwite fundi wao akufutie poti 22 mbele yako, kisha siku hiyo hiyo uzime Wi-Fi ya simu na ujaribu kuunganisha poti 22 kwa data. Ikikataa, anza na WireGuard.